Tundu la Kwanza

Kwa muda wa miaka miwili mimi na kaka yangu tulikuwa na maneno mawili tu kwa siku. Langu lilikuwa "Shikamoo," lake lilikuwa "Marahaba." Tulipeana asubuhi kwenye ngazi, yeye akishuka kwenda chuoni kwake kusomesha watoto Kurani, mimi nikipanda kwenda kumwamkia mama, na baada ya hapo kila mtu alikwenda zake mpaka kesho. Mama yetu alilea watoto wenye adabu. Hata chuki yetu ilikuwa na adabu, na nadhani ndiyo maana ilidumu.

Watu hupenda kusema kwamba siasa ndiyo iliyozigawa nyumba za Unguja miaka ile ya hamsini. Kwetu haikuhitajika. Siasa ilipokuja ilitukuta tumeshagawana. Nyumba ilikuwa Malindi, ya mawe, ndefu na nyembamba. Kaka alikaa juu, mimi nilikaa chini katika chumba kilichokuwa ghala ya marehemu baba, na mama alikaa ghorofa ya kati, akisikia hatua za mmoja juu ya kichwa chake na nyundo ya mwengine chini ya miguu yake. Au niseme, akizihisi, kwa sababu kusikia kulikuwa kumeshaanza kumtoka.

Nitasema kwa nini nilimchukia, nisije nikaonekana mtu wa kuchukia bure. Baba alifariki alfajiri, siku ambayo mimi nilikuwa Mkokotoni nikitengeneza redio ya mfanyabiashara mmoja wa huko. Kaka alimwosha, akamsalia, akamzika baada ya adhuhuri, na ndipo alipomtuma mtu kuja kuniita. Nilifika nikakuta majamvi yameshatandikwa na watu wanakunywa kahawa. Maiti hacheleweshwi, hilo nalijua, nimefundishwa chuo kilekile alichofundishwa yeye. Lakini gari la Mkokotoni liliondoka mjini asubuhi, na mtu aliyetumwa alfajiri angenifikia kabla ya saa tano. Ningewahi kumwona uso. Kaka alisema alisahau. Alisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti ndogo, huku akitazama jamvi, na mimi sikumwamini. Baba anakufa, una ndugu mmoja duniani, unamsahau? Niliondoka bila ya kumpa mkono.

Mama alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto tangu ujana wake, kwa maradhi ambayo hakupenda kuyataja. La kulia lilikuwa hai, lakini lilipungua mwaka hata mwaka, na baada ya kifo cha baba lilipungua haraka. Ukipaza sauti alikasirika. "Msinifokee," akisema, "mimi si punda." Ukisema polepole hakusikia. Basi wageni wakawa wachache, na waliokuja walizungumza wao kwa wao mbele yake, wakimtabasamia mara moja moja ili asijione ametupwa. Niliwachukia na hao. Nilikuwa nikikaa mlangoni nikiwatazama wanavyomtabasamia, na nikitamani kuwafukuza kwa ufagio.

Mimi nilikuwa fundi redio katika duka moja la Darajani, na redio mbovu zilizokosa wenyewe niliruhusiwa kuzichukua. Kutoka katika maiti za redio mbili nilitoa valvu mbili, zile taa za kioo zinazokuza sauti, transfoma moja iliyonuka moshi, na waya wa kutosha. Hedifoni nilizipata mnadani, nzito, zenye vikombe vyeusi, zilizobaki kutoka vitani. Kwa vitu hivyo nilimtengenezea mama amplifaya yake ndani ya kisanduku cha mbao za chai, na mbele yake nikatoboa tundu moja la kuchomekea maikrofoni. Mtu akishika maikrofoni na kusema kwa sauti ya kawaida, mama aliyevaa hedifoni alimsikia.

Siku ya kwanza alisikia bangili zake mwenyewe. Alitikisa mkono, akatikisa tena, akasema, "Kumbe miaka yote hii nnapita nnalia hivi, na nyie hamnambii?" Kisha akaweka sharti. Hakuna kumwingilia sikioni bila ya kupiga hodi. Kila aliyeshika maikrofoni ilimbidi aseme hodi, mama aitikie karibu, ndipo aendelee na lake. Mama mdogo, ambaye hodi zake mlangoni zilikuwa za kuingia kabla hajajibiwa, alipata tabu sana na sharti hilo.

Kaka naye aliitumia. Alikuja kuzungumza na mama baada ya magharibi, mimi nikiwa nimetoka; mimi nilikuja baada ya alasiri, yeye akiwa bado chuoni. Hatukupangiana saa hizo, kila mmoja aliujua mwendo wa mwenzake na kuukwepa. Mama alituchoka.

"Nnakusikieni mmoja mmoja kama wapangaji," aliniambia siku moja. "Mimi nataka nikae hapa, nyie mtete hapo, nisikie. Mkitukanana, tukananeni, lakini nisikie."

Alilitunza lile sikio la kulia kwa kitu hicho tu. Alililalia kwa hadhari, alilifunika pamba siku za upepo, na kila sala alimwomba Mungu asilichukue kabla hajawasikia wanawe wawili wakizungumza ndani ya chumba kimoja. Nililijua ombi hilo. Mama mdogo aliniambia zaidi ya mara moja, na kila mara nilimjibu kwamba mimi sina neno, aanze kaka.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama, mjane aliyekaa nyumba ya pili, na ndiye aliyekuwa posta yetu. Jambo lolote lililohitaji kutoka ghorofa ya juu kuja ya chini lilipitia kinywani mwake. Siku moja alinijia kwenye karakana yangu, mle mle ghalani nilimokaa, akaketi juu ya sanduku, akaanza kukunja tambuu.

"Kaka yako anasema kisanduku kina tundu moja," alisema. "Anasema mama si mfungwa, wa kusikia mnayotaka nyie tu. Kanunua redio. Anataka Ijumaa amsikilizishe Kurani. Na mimi nna santuri yangu pale inaliwa na vumbi."

"Mwambie hicho si kisanduku cha biskuti, cha kutobolewa ovyo."

"Ntamwambia. Utatoboa?"

"Mwambie aje mwenyewe aniombe."

"Hilo simwambii. Nshachoka kubeba makapi yenu. Utatoboa au hutotoboa?"

Nilitoboa. Sikutoboa kwa ajili yake. Nilitoboa kwa sababu alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachonikera kama mtu ninayemchukia kuwa na haki. Mama alikuwa akisikia maneno yetu tu, na maneno yetu hayakuwa mengi wala hayakuwa mazuri.

Kuongeza matundu kwenye amplifaya si kazi ya msumari na nyundo. Sauti inayotoka kwenye maikrofoni ni dhaifu mno. Lazima ipite valvu zote mbili, ikuzwe, kisha ikuzwe tena. Ya santuri ina nguvu kidogo, unaipunguza kidogo. Ya redio imeshakuzwa na redio yenyewe, inakuja na nguvu zake zote, na usipoikata makali njiani itakuzwa juu ya kukuzwa, na kitakachotoka kwenye hedifoni hakitakuwa sauti tena. Kwa hivyo kila tundu lilikuwa na njia yake ndani ya kisanduku. Kwa nje yalifanana. Plagi zilikuwa za aina moja, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo, na ziliingia popote.

Ubao wa mbele wa zamani ulikuwa mdogo, nikautupa. Nilikata mpya, nikatoboa matundu matatu kwa mstari mmoja, na ndani nikapanga njia zangu: maikrofoni, santuri, redio. Kazi ilinichukua majuma mawili, kila nikitoka dukani. Nilijaribu kila njia kwa masikio yangu mwenyewe kabla ya kuridhika. Ilikuwa kazi safi, na sijapata kufanya safi kuliko ile.

Yakabaki majina. Nilikusudia kuyaandika kwa wino juu ya kila tundu, lakini posta ikashuka tena.

"Kaka yako anasema usiandike Kizungu. Mama hasomi."

Hapo pia alikuwa na haki. Mama alisoma Kurani na aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wote wa umri wake. Herufi zangu za skuli zilikuwa kwake nyayo za kuku. Na kaka alikuwa na mwandiko. Watu wa Malindi walimletea barua zao za posa awaandikie, maana barua iliyoandikwa na mkono wake ilikuwa imeshaomba nusu ya ombi. Alitaka aandike yeye.

Nilimpa mama mdogo ule ubao mtupu ampelekee, na maneno haya: la kwanza maikrofoni, la pili santuri, la tatu redio. Aliyafikisha vivyo hivyo, neno kwa neno, sina shaka naye. Hakuna aliyeuliza la kwanza ni lipi. Mimi nilisoma skuli ya serikali, na vitabu vyangu vya redio vilikuwa vya Kiingereza. Kwangu mstari unaanza kushoto. Kaka alikuwa mtu wa chuo, mkono wake umetoka kulia maisha yake yote. Tungekuwa ndugu wanaozungumza, mmoja wetu angenyoosha kidole tu.

Aliandikia chumbani kwa mama, siku ya Jumatano. Nilikuwa nikipanda na ndoo ya maji, nikafika mlangoni, nikamwona. Alikuwa amenipa mgongo, ameketi jamvini na ubao mapajani, kalamu ya mwanzi mkononi na kikombe cha rangi nyeupe ubavuni. Mama alikaa mbele yake akifuata mkono unavyokwenda. Neno maikrofoni lilikuwa limeshaandikwa, juu ya tundu la kulia kabisa, na alikuwa akimaliza santuri katikati. Herufi zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kiasi cha kunichoma. Nilielewa hapo hapo kitakachofuata: redio itakuja kushoto, juu ya tundu nililoliwekea maikrofoni. Nilisimama na ndoo yangu mpaka alipoiandika. Kisha nikaiweka ndoo nikashuka.

Alhamisi mama mdogo aliniletea ubao, umekauka. Ijumaa asubuhi niliufunga kwenye kisanduku. Ningeweza kugeuza waya mbili tu, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia. Kazi ya dakika kumi, na chuma cha kulehemu kilikuwa kimeshapata moto. Sikukigusa. Ndani niliacha njia zangu, nje nikaacha herufi zake, nikakaza skrubu nne.

Nilitaka aumbuke. Sina neno jingine. Nilitaka achomeke redio yake mbele ya watu, avae hedifoni, apigwe na kelele akurupuke, kisha ageuke mbele ya mama aniulize kwa mdomo wake mwenyewe, ndugu yangu, kulikoni? Jibu langu nilikuwa nimelitayarisha na nililirudia kichwani nikitembea kwenda msikitini, badala ya kufikiria sala. Kwamba mama anaweza kudhurika halikunipitia. Fundi yeyote akiunganisha kitu kipya huvaa yeye kwanza. Nilimhesabia kaka tabia za fundi, na yeye hakuwa fundi.

Baada ya sala na chakula, chumba cha mama kilijaa. Mama mdogo alikuja na santuri yake, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo nilikuwa nimeifungia kichwa cha umeme, na majirani wawili walikuja na buibui zao kuiona mashine. Kaka alileta redio akaiweka juu ya meza. Mimi nilisimama mlangoni. Tulikuwa ndani ya chumba kimoja, mimi na yeye na mama, kwa mara ya kwanza tangu matanga ya baba, na mama alitutazama mmoja kisha mwengine kwa uso wa sikukuu.

Walianza na santuri. Iliingia tundu la kati, ambalo kwake na kwangu lilikuwa lile lile, na ilifanya kazi. Mama alifumba macho. Sahani ya santuri ilikuwa kuukuu, imechunika, basi akazungusha kifundo cha sauti cha kisanduku mwenyewe mpaka mwisho. Mabega yake yakaanza kwenda na ngoma. Jirani mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya buibui. Sahani ilipokwisha mama alizivua hedifoni akaziweka mapajani, akasema, "Haya, mwalimu, tupe na chako."

Kaka aliinuka. Alichomoa waya wa santuri, akachukua wa redio, akainama akausoma ubao wake, akachomeka kushoto. Nikamsubiri avae.

Alizichukua hedifoni kutoka mapajani mwa mama kwa mikono miwili, akazifuta kwa kanzu yake, akasema bismillahi, akamvisha mama. Asingeweza kuvaa yeye kwanza. Chakula hakukionja kabla ya mama, mlangoni hakupita mbele ya mama. Angesikilizaje Kurani kabla yake? Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwamo, kwa kuwa ni mama huyo huyo aliyenilea mimi.

Kisha akawasha redio. Redio za siku zile hazikusema papo hapo. Valvu zake zilihitaji kupata moto, nusu dakika hivi, ndipo sauti ije. Kioo cha mbele kikawaka, rangi ya chai. Mama alikaa wima, mikono juu ya magoti, akingoja. Kifundo cha sauti kilikuwa pale pale alipokiacha, mwisho. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilihitaji kusema, "Kaka, ngoja." Maneno mawili. Sikuyasema, kwa sababu ningekuwa mimi niliyeanza. Nusu dakika nzima nilisimama nikililinda hilo, nisiwe mimi niliyeanza. Nilijiambia sauti itapanda polepole, atazivua. Nilijiambia ni kelele tu.

Haikupanda polepole. Hata mlangoni niliusikia ukelele uliotoka kwenye vile vikombe, mkali, hauna Kurani wala neno lolote ndani yake. Mama hakupiga yowe. Alizing'oa kichwani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeingiwa na nyuki, zikaanguka jamvini zikiendelea kulia. Mama mdogo alipiga ukunga. Majirani walisimama wakigongana. Kaka aliung'oa waya wa redio ukutani, akamshika mama mabega, akawa anasema na mimi nasema, nimesogea bila ya kujua, tunasema pamoja, sijui nini, nadhani tulikuwa tukimtaja Mungu na kumwita yeye. Mama alitutazama vinywa, wangu kisha wa kaka.

"Mbona mmenyamaza?" alisema.

Daktari alimtazama ndani ya sikio, akampa dawa ya matone, akatwambia tungoje. Tulingoja majuma sita. Halikurudi.

Lakini jioni ile ile ya Ijumaa, kabla hatujajua, kaka alishuka karakanani kwangu. Hakuwa amewahi kuingia humo tangu baba afe. Alikuwa amekikumbatia kile kisanduku.

"La kwanza ni lipi?" aliniuliza.

"La kushoto."

"Kwa nini la kushoto?"

"Kila mtu anaanza kushoto."

"Kila mtu nani? Mama anaanza kushoto? Baba alianza kushoto?"

"Ungeuliza."

"Ungesema," alisema. Alikiweka kisanduku juu ya meza yangu, kati ya skrubu. "Ulifunga ubao kwa mkono wako. Hukusoma nlivyoandika?"

"Nlikuwa na haraka," nikasema. "Sikutazama."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni mimi," alisema, na akaondoka akipanda ngazi taratibu, akishika ukuta.

Aliniamini. Hilo lilinitia hasira kuliko maneno yote ambayo angeweza kunitupia. Mimi aliponiambia kwamba alisahau sikumwamini, na yeye uongo wangu aliuchukua mzima, papo hapo, akaenda nao.

Mtaa ulimmaliza. Kwa kinyozi nilisikia wakisema juu ya yule mwalimu aliyemziba mamake sikio, na mimi nimekaa kwenye benchi nikingoja zamu yangu, na sikufungua kinywa. Mtu mmoja alinipa pole kwa kuwa na ndugu kama yule. Nikaipokea. Wazee walianza kuwatoa watoto wao chuoni kwake, mmoja kwa udhuru huu, mwengine kwa udhuru ule, mpaka siku aliposomesha watoto watatu. Akafunga chuo akaenda Kizimkazi, ambako walihitaji mwalimu na hawakumjua. Ghorofa ya juu ikawa tupu. Nilikuwa nimelitamani hilo kwa muda mrefu, na siku za mwanzo, lazima niseme, nililifurahia.

Kila Alhamisi jioni alirudi, maana Ijumaa chuo hakisomeshwi. Alikuwa amemnunulia mama ubao mdogo na chaki, na walizungumza hivyo: yeye anaandika, mama anasoma na kujibu kwa kinywa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mama alikuwa akicheka kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilikuwa nikiwasikia kutoka chini, yaani nilikuwa nikimsikia mama peke yake, akizungumzia watu wa Kizimkazi nisiowajua, akiuliza habari za samaki na za msikiti. Asubuhi nilipanda, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, na hatukuwa na zaidi ya hapo. Mama alitukuta mlangoni siku moja tukipeana hayo, akayasoma midomoni mwetu, akageuza uso.

Siku nyingine zote alikuwa na mimi tu, na mimi sikuwa na la kumwandikia. Nilisoma herufi za Kiarabu, kila mtoto aliyepita chuoni anasoma, lakini kuandika Kiswahili kwazo niliacha nilipoingia skuli. Mkono wangu ulikuwa wa mtoto wa miaka saba. Nilimwandikia "chai" na "maji" na "nnakwenda kazini," naye aliitikia kwa kichwa. Amplifaya niliivunja nikagawa vyuma vyake kwenye redio za watu.

Ilichukua miezi. Sikusukumwa na kitu chochote kizuri. Nilichoka tu, nilichoka kuonewa huruma kwa kinyozi, nilichoka kumwona kaka anarudi kila Alhamisi na samaki wake mkavu na uso wake wa kukubali. Nilitaka aache kukubali. Alasiri moja, baada ya mama kusali, nilikaa mbele yake, nikauchukua ubao, nikaandika kutoka kulia, herufi moja moja, chaki ikilia: nilijua. Niliona ameandika kinyume. Nikanyamaza.

Aliuvuta ubao karibu na dirisha. Kidole chake kilikwenda polepole juu ya mwandiko wangu mbaya, kikasimama, akachukua chaki mkononi mwangu akaongeza nukta niliyoisahau. Kisha akausoma tena tangu mwanzo. Nilingoja anipige. Ningependa anipige. Aliuweka ubao mapajani, na alipofungua kinywa sauti yake ilitoka kubwa, kwa kuwa hakuisikia tena, na dirisha lilikuwa wazi.

"Nlikuona," alisema. "Siku ile anaandika. Ulikuja ukasimama pale mlangoni na ndoo, ukatazama kazi ya ndugu yako, ukacheka. Nkasema alhamdulillahi, wanangu wamepatana. Nkasali rakaa mbili za shukurani, nkamwambia mama yako mdogo alete santuri Ijumaa, aite na majirani, tufurahi."